Jina la Siku Moja

Shemeji alirudi kutoka ofisi ya kanisa ameshika kofia mkononi, akasimama mlangoni kama mgeni katika nyumba ya kaka yake mwenyewe. Mama Cherehani alimtazama miguu kwanza, ilivyojaa tope, kisha akamtazama uso. Akajua.

"Wamesema chini," alisema Shemeji.

"Chini wapi?"

"Ah, shemeji. Kwani kuna chini ngapi?"

Mama Cherehani alikuwa amekaa mkekani pamoja na wanawake wa jirani, kitambaa cheusi kichwani. Katika chumba cha pili alilala mumewe, Fundi, mwashi wa mawe, aliyekata roho jana adhuhuri. Vumbi la mawe lilikuwa limemla mapafu taratibu kama mchwa alavyo mlango, na watu wakaja kushtuka siku mlango umeanguka. Mtaa mzima ulimjua Fundi kwa ukimya wake. Ukimsalimu, anakuitikia kwa kichwa. Lakini katika siku zake za mwisho alimshika mkewe kiganja, akamwambia neno moja tu: "Nisikanyagwe."

Mkewe hakuhitaji kufafanuliwa. Makaburi ya kanisa lile yalikuwa na pande mbili. Juu, ndani ya ukuta wa mawe, walizikwa watu walioitwa Waaminifu. Chini, kando ya kijito, walizikwa watu walioitwa Wapagazi, na Fundi alikuwa mmoja wao. Mvua zikinyesha, kaburi la chini hujaa maji hata kabla mchimbaji hajafuta jasho. Jeneza likiteremshwa linaelea, linakataa kwenda. Basi wanaume huingia shimoni na kulikanyaga mpaka lizame. Mama yake Fundi alizikwa hivyo. Fundi mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, alikuwa mmoja wa waliokanyaga.

Na mvua zilikuwa zimenyesha juma zima.

"Umemwambia Katibu kwamba chini ni bwawa?"

"Nimemwambia. Akasema, maiti haulizwi sanda."

Mama Cherehani akainuka, akajifunga kitambaa upya kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo usije ukamwagika njiani.

"Maiti haulizwi," alisema. "Mjane huulizwa. Twende."

Shangazi yake Fundi, kikongwe mwenye jicho moja zima na ulimi usio na kufuli, akaomba fimbo yake. "Mimi nami nakwenda. Miguu imekufa lakini mdomo bado mzima."


Pale ofisini palikuwa na benchi nje ya mlango, na wakakalishwa hapo. Watu waliingia na kutoka mbele ya macho yao: wa maua, wa viti, wa kipaza sauti. Mzee Mhazini, mtunza hazina wa kanisa, naye alikuwa amefariki jana hiyo hiyo.

Karani kijana alichungulia. "Mama, vumilieni kidogo. Tuna msiba."

"Na sisi tuna msiba," alisema Mama Cherehani.

"Ndiyo, mama, pole. Lakini huu ni wa Mhazini."

Shangazi akacheka peke yake, kicheko kikavu. "Umesikia? Wetu sisi ni mafua."

Walipoitwa ndani hatimaye, Katibu wa kanisa alikuwa nyuma ya meza, tai shingoni, na Mchungaji, kijana aliyehamia mjini hapo si zamani, alikuwa amesimama dirishani. Katibu alimpa pole Mama Cherehani kwa mikono miwili, akamvutia kiti. Kisha, kabla kiti hakijapata joto, akauliza: "Na yale majoho ya kwaya, mama? Maana leo wataimba kwa Mhazini. Yamekwisha?"

Mama Cherehani alimwangalia mpaka Katibu akainamisha uso.

"Cherehani imefiwa," alisema. "Nimekuja kuomba mume wangu azikwe juu."

"Mama yangu." Katibu akavuta pumzi kama mwalimu aliyechoka. "Kila watu wana mahali pao. Waaminifu wana pao, Wapagazi mna penu. Si ubaguzi huo, ni utaratibu tuliourithi. Tena ni heshima: Fundi atalala na wazee wake. Na upande wa juu una mchango wa ukuta. Wapagazi hawakuchanga."

"Ukuta huo alijenga nani?"

"Fundi. Na alilipwa."

"Alilipwa kuujenga. Hakulipwa akae nje yake."

Mchungaji akakohoa. Alikuwa na sauti laini, ya mtu anayependa kila ugomvi uishe kwa sala. "Mama, mbele za Mungu hakuna juu wala chini. Huko mbinguni..."

"Ndiyo, Baba Mchungaji. Kama mbinguni hakuna chini, hiki cha hapa mmekitoa wapi?"

Karani akajifanya anapanga viti.

"Na hilo jina lisikuumize," Mchungaji aliendelea, akitafuta pa kutokea. "Wapagazi ni jina la kabila kama makabila mengine. Nimelikuta kwenye vitabu vyote, tangu vya wamisionari."

Hapo Shangazi akagonga fimbo sakafuni.

"Kabila? Mwanangu, nikueleze, maana wewe ni mgeni na mgeni hafichwi. Sisi ni Wanamwamba. Ndivyo tulivyojiita, kwa ule mwamba mkubwa unaouona huko nyuma ya soko, ambao babu zetu waliishi juu yake. Mzungu wa kwanza alikuja na masanduku. Askari wake walitutoa majumbani, wakatufunga kamba shingoni, wakatutwisha. Alipofika hapa, akiwa amelala kwenye machela mabegani mwa watu, akauliza: hawa ni kina nani? Mkalimani wake akamjibu: hawa ni wapagazi. Akaandika. Basi! Angetukuta siku tunalima, leo tungeitwa Wakulima. Angetukuta tumelala, tungekuwa kabila la Walalaji. Jina la siku moja, siku mbaya kuliko zote, ndilo tunalozikwa nalo. Na yeye aliyebebwa machelani mbona hakuandika kwamba yeye ni Mbebwaji?"

Karani alikaribia kucheka, akaufunga mdomo kwa mkono.

"Bibi, hayo ni ya kale," alisema Katibu.

"Ya kale! Ninyi je? Mnaitwa Waaminifu. Nani aliwaita hivyo? Huyo huyo! Kwa sababu alipokuja mlimfungulia mlango na kumwonyesha nyumba zetu zilipo. Uaminifu kwake. Na ninyi mlikuwa na jina lenu kabla ya hapo. Unalijua?"

Katibu alivuta tai.

"Halijui," Shangazi alimwambia Mchungaji kwa upole wa kusikitika. "Lao lilipotea kwa sababu hili jipya ni tamu. Letu sisi tunalikumbuka kwa sababu hili jipya ni chungu."

Katibu akasimama. Uso wake ulikuwa umeiva. "Nina watu wanaonisubiri. Uamuzi ni ule ule. Na tafadhali, waambieni vijana wenu waje mapema wambebe Mhazini. Wakimaliza, watamteremsha na huyo wenu."

Mama Cherehani alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama. Maneno hayo yalimwingia polepole, kama maji ya baridi yanavyopita kwenye nguo. Wakimaliza. Huyo wenu.


Hakuna sheria iliyoandikwa popote kwamba Wapagazi ndio wabebe majeneza ya mji ule. Ilikuwa hivyo tu, toka enzi za mkoloni. Akifa mtu, wa nyumba yoyote, husemwa: waiteni Wapagazi. Kutoka kanisani hadi makaburini ni ngazi za mawe, kali, zenye utelezi, gari halipandi. Waaminifu waliwafuata maiti wao kwa nyuma, mikono wameifunga kifuani, wakiimba. Mabega yaliyovimba yalikuwa ya wengine. Baadaye waliobeba hupewa chai nyuma ya nyumba, wakainywa wamesimama.

Uani kwa Fundi wanaume walikuwa wameshakusanyika. Kiongozi wao alikuwa Kinyozi, mtu wa masihara, ambaye husema amewashika Waaminifu wote kichwa na hakuna aliyewahi kumshukuru.

"Shemeji," alimwambia Mama Cherehani, kwa maana marehemu alikuwa kwake kama kaka, "tumeitwa kwa Mhazini. Mzee yule alikuwa anakula! Nasikia jeneza limefanywa la mninga, na vishikio vya shaba. Leo mgongo utajuta kuzaliwa."

Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

"Msiende," alisema Mama Cherehani.

Kicheko kikakatika.

"Nasema msiende. Leo hatubebi."

Wakatazamana. Shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa mchimba makaburi wa kanisa na ambaye tope la miguuni mwake lilikuwa la njia ya kaburi la Mhazini alilochimba asubuhi, alimsogelea na kunong'ona. "Shemeji, hawa watu ndio wanaotupa kazi. Kinyozi kibanda chake kiko kwenye kiwanja cha kanisa. Mimi mshahara wangu..."

"Najua."

"Na kumzika mtu ni wajibu. Wewe mwenyewe unasali kuliko sisi sote."

Hapo alimgusa penyewe. Mama Cherehani akawaacha, akaingia chumbani kwa mumewe, akafunga mlango. Alipiga magoti kando ya kitanda. Jioni zote za ujane wake mpya zilikuwa mbele yake kama kitambaa ambacho hakijakatwa, na hakuona woga wa hizo. Aliona woga wa kukosea mbele za Mungu kwa ajili ya hasira. Maana hasira alikuwa nayo. Akaomba aondolewe. Haikuondoka. Akaomba aonyeshwe kama ni dhambi, na wakati anaomba akayasikia maneno ya shemeji yake upya: kumzika mtu ni wajibu. Wajibu wa nani? Kitabu cha Mungu alikijua toka darasa la kwanza, na hapakuwa na mahali kiliposema kwamba wajibu huo ni wa mabega ya watu fulani, na wengine waimbe.

Alitoka macho yamekauka.

"Kuzika ni wajibu wa wote," aliwaambia. "Tutawabeba wao, wakitubeba sisi. Vinginevyo kila mtu na maiti wake." Akamgeukia Shemeji. "Na wewe, kachimbe."

"Chini?"

"Juu. Kando ya lile la asubuhi."

"Wakinifukuza je?"

"Utakuwa umefukuzwa ukiwa umemzika kaka yako. Ukienda kumkanyaga, utabaki na kazi. Chagua."

Shemeji aligeuza kofia mkononi. Kisha akaivaa, akachukua sepeto ukutani, akatoka bila kuaga.


Jua lilikuwa limetoka kwa hasira baada ya mvua. Ibada ya Mhazini ilikwisha, jeneza la mninga likatolewa mpaka mbele ya baraza ya kanisa, likang'aa. Wanakwaya wakapanga mistari, wengine kwa majoho, wengine bila. Nje ya lango, juu ya viti viwili, lilikuwa jeneza la Fundi, la mbao za kawaida. Kando yake, chini ya ukuta, walikaa wanaume wa Kinyozi, mikono magotini.

"Wapagazi!" aliita Katibu. "Haya, vijana!"

Hakuna aliyeinuka.

"Kinyozi! Umekuwa kiziwi?"

"Nimesikia, Katibu. Unawaita Wapagazi. Hapa hawapo. Labda uwatafute kwa yule Mzungu wa masanduku."

Minong'ono ikazagaa. Wanawe Mhazini, mabwana wenye suti nyeusi, walilitazama jeneza la baba yao kama watu waliokabidhiwa mtoto wa jirani aliyejichafua. Mmoja alijaribu kishikio, akakiachia.

Katibu alimjia Mama Cherehani mbio, jasho likimshuka, akamvuta pembeni. Sauti yake sasa ilikuwa ya rafiki wa siku nyingi. "Mama, usituaibishe mbele za wageni. Sikiliza. Nimeona shemeji yako anachimba juu. Sawa, nimenyamaza. Tutampa Fundi nafasi hiyo. Yeye tu, kwa leo tu, na usimtangazie mtu. Waambie wabebe."

Kile alichokwenda kukitafuta asubuhi kiliwekwa mbele yake. Fundi angelala pakavu. Alihitaji kusema ndiyo tu, kwa sauti ndogo, na kugeuka. Macho yake yakaenda kwa Kinyozi, ambaye mama yake alikuwa mahututi kitandani, na kwa wazee wawili waliokaa naye, wenye kikohozi kile kile cha mumewe.

"Kwa leo tu?" aliuliza.

"Ya kesho yatajisumbukia yenyewe."

"Yangu hayawezi." Akapaza sauti, na waliokuwa karibu wakageuka. "Nasema mbele ya wote, maana siri ndiyo iliyotufikisha chini. Wanaume wetu watambeba Mzee Mhazini. Hakunikosea kitu, Mungu amlaze pema. Na wanawe watambeba mume wangu. Juu, wote wawili. Na kuanzia leo anayekufa anazikwa pakavu."

"Haiwezekani!" alisema Katibu.

Mwana mkubwa wa Mhazini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja kwa hatua ndefu. "Mama, baba yangu anakaa juani kwa sababu ya maneno?"

"Baba yako yuko juani leo, mwanangu. Sisi tuko juani tangu babu zetu. Nyumba unayolala alijenga huyu aliyelala hapa kwenye viti. Hukumwona mchafu alipokuwa anakuinulia kuta."

Bwana yule akageuka kuwatazama wageni wake, waliokuja kutoka mbali na magari mazuri, wote wakiwa wanatazama. Akaitazama suti yake. Akamtazama Katibu, Katibu akatikisa kichwa kwa ukali. Labda ni jua, labda ni aibu, labda alimkumbuka Fundi na kile kichwa chake kilichoitikia salamu bila neno. Mwenyewe hakueleza siku ile wala baadaye. Alivua koti, akampa mdogo wake.

"Tubebe, tumalize," alisema. "Katibu, pisha."


Walibeba vibaya. Watu ambao hawajawahi kubeba hawajui kwamba wafupi hukaa mbele mkiwa mnapanda, wala kwamba pumzi huvutwa pamoja. Jeneza la Fundi lililala upande, misumari ikalia kama chafya, na Mama Cherehani, mjane wa siku moja, akajikuta anawapigia kelele ngazini: "Inua kushoto! Kushoto, wewe! Hujui kushoto?"

Nyuma yao, chini ya mninga, Kinyozi alihema na kusema, "Kumbe ni kazi ya kusomea."

Wenzake wakacheka, na hakuna aliyewakataza. Lakini wazee wengi wa Waaminifu walikuwa wamebaki barazani na hawakupanda, na Katibu alikuwa katikati yao anaongea kwa vidole. Mama Cherehani aliwaona. Alijua kutakuwa na kikao. Alijua majoho yatapelekwa kwa mshonaji mwingine, na kwamba sepeto la Shemeji huenda likadaiwa kabla ya Jumapili. Hakujidanganya.

Mhazini alizikwa kwanza, kwa nyimbo. Kisha wakasogea hatua chache, na nyimbo zikapungua, na waimbaji pia. Kaburi alilochimba Shemeji lilikuwa la udongo mwekundu, mkavu, kuta zake zimenyooka kama alizipiga timazi. Yeye mwenyewe alisimama kando, amejaa udongo mpaka nyusi, hamtazami mtu. Wanawe Mhazini waliteremsha jeneza kwa kamba, na likafika chini. Likatulia.

Mchungaji akafungua kitabu. Alitaja jina la marehemu, akataja la baba yake, kisha akafika pale ambapo kanisa lile hutaja watu wa marehemu kabla ya udongo. Hakuwa na nia mbaya. Mdomo wake uliifuata njia uliyozoea.

"...wa kabila la Wapagazi, tunamrudisha..."

"Simama," alisema Mama Cherehani.

Mchungaji akanyanyua macho.

"Rudia hapo."

Upepo ukageuza karatasi moja ya kitabu. Mtu alikohoa. Mwana mkubwa wa Mhazini, akisugua bega lake, aliangalia viatu.

"Mama, tuko kaburini," Mchungaji alisema taratibu.

"Ndiyo maana. Pengine pote nimeshanyamaza."

Mchungaji alimtafuta Katibu kwa macho, Katibu hakuwapo. Alikuwa huko chini barazani, na huku juu palikuwa na kaburi, na mwanamke, na kikongwe wa jicho moja aliyeegemea fimbo. Akainama kwenye kitabu chake, ambamo neno alilotakiwa kulisema halikuwamo.

"Wa Wanamwamba," alisema, karibu kwa kunong'ona.

"Kwa sauti, Baba Mchungaji," alisema Mama Cherehani. "Lile jingine tumelisikia sote."